Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama: mwaka wetu wa ukalimani

Ndugu wanachama, habari zenu. Mambo ya ada na kodi ya chumba chetu hapa Kirumba, Mwanza, mweka hazina atawasomea mwenyewe, hatudaiwi, tuyaache hapo. Mimi naomba muda wenu kwa jambo moja ambalo limeninyima usingizi mwaka huu, nalo ni zile intaviu tunazopigiwa simu kutoka Ulaya ili tutafsiri, za watu wanaoomba hifadhi kwa sababu kwao wanawindwa kwa kupenda jinsia moja au kwa jinsia wanayoishi nayo.

Mwezi wa nne nilipewa dada mmoja, nchi yake sitaji. Nikafunga dirisha maana kelele za soko la samaki la mwaloni zinaingia mpaka kwenye simu, feni nikazima, joto balaa. Dada akasema "mpenzi wangu alinificha siku tatu, walipojua wakampiga sana". Mimi bila kufikiri huyo mpenzi nikampeleka kwa Kiingereza kama mwanaume. Jamani, Kiswahili hakisemi, Kisukuma nacho hakisemi, yeye ni yeye tu, ila Kiingereza kinakulazimisha uchague na mimi nikachagua kama nilivyozoea. Baadae dada akataja jina la mpenzi wake, jina la kike, afisa wa huko anayemhoji kimya, nasikia anachapa tu, halafu anauliza mbona maelezo yanabadilika? Nikasema palepale kosa ni langu sio lake, naomba liandikwe hivyo. Akasema sawa. Lakini sauti ya yule dada ilishashuka, akawa anajibu neno moja moja mpaka mwisho.

Muone uzito wake. Mahakama ya juu ya Uingereza ilishasema 2010 kwamba mtu asinyimwe hifadhi eti arudi kwao akajifiche, mahakama ya Umoja wa Ulaya pale Luxembourg ikafuata 2013, halafu 2014 hao wa Luxembourg wakakataza kupokea video za chumbani na kumchimba mtu anavyofanya mapenzi, na 2018 wakakataza kumpima kisaikolojia ili ijulikane anapenda nani. Sawa kabisa, ule ulikuwa udhalilishaji. Ila sasa mara nyingi kinachobaki mezani ni maneno ya mtu mwenyewe, na hayo maneno yanapita mdomoni kwetu.

Halafu neno shoga. Dada zetu wanaitana shoga, maana yake rafiki, ukimwambia mwanaume ni tusi. Na wapo waombaji ambao hawana neno jingine la kujielezea zaidi ya yale waliyotukaniwa. Akilitamka kwa aibu, lipeleke lilivyo na umweleze afisa kuwa ni tusi, usilipake sukari. Mwenzetu mmoja alisonya katikati ya intaviu na mteja akasikia, hilo limeniuma kuliko hata kosa langu.

Kuna waliosema dini haiwaruhusu. Imani ya mtu siigusi, ila kama huwezi, kataa kazi kabla simu haijaunganishwa, usiingie na kinyongo ukaanza kukata sentensi za mtu anayetafuta pa kuishi.

Kwahiyo kamati imepitisha: ukikutana na "yeye" usichague, mwambie afisa Kiswahili hakijasema, naomba nimuulize. Ukikosea, sema hapohapo. Mwombaji akitaka mkalimani wa kike au wa kiume tubadilishane bila maneno, hata mwongozo wa UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, wa 2012 unataka asikilizwe, na unataka wakalimani nao wafundishwe. Sisi tunaanza Jumamosi ya kwanza mwezi ujao, saa tatu asubuhi hapahapa Kirumba, na mfano wa kwanza kwenye ubao utakuwa ile sentensi niliyoiharibu mimi.