Barua ya Wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Tabora: Kumbukumbu za Shirika la Reli la Afrika Mashariki

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Natanguliza salamu na heshima. Mimi ni mkazi wa Tabora mjini, mtoto wa fundi wa boila aliyeitumikia reli tangu ujana wake hadi shirika lake lilipovunjika mwaka 1977. Ombi langu ni moja: kabla safari zote hazijahamia kwenye reli ya kisasa inayojengwa, chumba kimoja katika majengo ya reli ya zamani hapa Tabora kitengwe kwa ajili ya kumbukumbu za Shirika la Reli la Afrika Mashariki, na wazee waliolifanyia kazi wahojiwe wangali hai.

Vijana wetu wengi wanajua kwamba Reli ya Kati ilijengwa na Wajerumani, kwamba ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, lakini wakitoka hapo huruka moja kwa moja hadi kwenye shirika la leo, kana kwamba katikati hapakuwa na kitu. Mwaka 1948 Waingereza waliziunganisha reli na bandari za Kenya, Uganda na Tanganyika, pamoja na meli za maziwa, chini ya uongozi mmoja wenye makao makuu Nairobi. Upana wa reli ulikuwa mita moja pande zote, kwa hiyo injini ya Mombasa ingeweza kabisa kufanya kazi Tabora; kilichokosekana ni njia ya kuifikisha. Reli ya Tanga ilikwisha kuungana na ya Kenya kupitia Moshi na Voi tangu miaka ya 1920, ila Reli ya Kati ilikaa peke yake kama kisiwa hadi mwaka 1963, ilipokamilika njia ya kuiunganisha na reli ya Tanga, kutoka Ruvu hadi Mnyusi. Shirika moja liliishi miaka 15 likiwa na reli zisizogusana, na bado liliendeshwa kwa kanuni zilezile. Baada ya Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa mwaka 1967, bandari zilipewa shirika lao Dar es Salaam, na reli zikabaki na makao makuu yake Nairobi.

Tabora haikuwa kituo cha kupita tu. Hapa ndipo njia zinapoachana: moja kwenda Mwanza, iliyokamilika mwaka 1928, na nyingine kwenda Kigoma, ambayo ukifika Kaliua unakuta tawi la Mpanda, lililojengwa kwa ajili ya madini ya risasi. Mwanza, tangu miaka ya 1960, mabehewa yaliingizwa ndani ya meli za Umoja na Uhuru yakavushwa ziwa yakiwa na mizigo yake. Kigoma mizigo ilipokelewa na Liemba, meli ambayo yenyewe ilifika huko kwa reli hii hii, ikiwa vipande ndani ya masanduku kutoka Ujerumani.

Baba aliacha daftari lenye jalada gumu jeusi, kurasa zake zimenata grisi pembeni. Kila ukurasa aliuchora mistari kwa rula: namba ya injini, tarehe iliyoingia karakana, ugonjwa wake, na saini ya aliyeitibu. "Ugonjwa" ndilo neno lake. Mahali pengi ameandika "mabomba yana ukoko", maana maji ya boila yakishachemka huacha chumvi, na chumvi hiyo ilipaswa kukwanguliwa kwa mkono. Miongoni mwa saini hizo ipo ya fundi Mjaluo kutoka Kisumu, aliyekuwa akila Idi nyumbani kwetu kila mwaka, na ya Mganda mmoja ambaye namkumbuka kwa kikohozi chake tu. Mpaka wetu na Kenya ulipofungwa Februari 1977 na Jumuiya ikafa katikati ya mwaka huo, yule fundi wa Kisumu alikuwa amekwisha kuondoka na sanduku moja. Kwa sehemu kubwa kila nchi ilibaki na vilivyokutwa katika ardhi yake, na mkataba wa kugawana mali na madeni haukutiwa saini hadi mwaka 1984, mjini Arusha, baada ya usuluhishi wa Mswisi Victor Umbricht.

Injini za mvuke za daraja la 30 zilipewa majina ya makabila ya Afrika Mashariki. Namba 3020 inaitwa Nyaturu, kwa jina la jirani zetu wa Singida, na leo imesimama katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyoanzishwa na shirika lenyewe mwaka 1971. Ipo pia namba 5918, yenye jina la mlima wetu wa Gelai. Nawashukuru Wakenya kwa kuzitunza. Kinachoniuma ni kwamba mtoto wa Singida au wa Tabora hana pa kuigusa historia hii mpaka avuke mpaka.

Miaka kadhaa iliyopita nilipeleka daftari la baba katika ofisi moja ya umma nikiomba litunzwe. Niliambiwa hakuna fomu ya kupokelea kitu cha namna hiyo. Nikitoka, niliona nyuma ya jengo makaratasi ya zamani yakichomwa pamoja na majani makavu, nikaokota kadi moja ya ajira iliyokwisha kuungua upande wa picha. Wastaafu wa iliyokuwa Jumuiya walidai mafao yao kwa miaka mingi, Mheshimiwa, na kwa wengi wao kadi kama hiyo ndiyo iliyokuwa ushahidi kwamba waliwahi kuajiriwa.

Natambua kwamba majengo hayo ni ya Shirika la Reli na si ya ofisi yako. Lakini wewe ndiwe unayeweza kuwaita mezani Shirika, Halmashauri ya Manispaa na chuo cha reli kilicho hapa hapa Tabora, ambacho wanafunzi wake wanaweza kuwarekodi wazee wa karakana, madereva na wapiga bendera waliobaki. Wachache wao wanakaa Ng'ambo na Isevya. Nipo tayari kuwapeleka wanafunzi nyumba kwa nyumba.

Daftari nimelifunga kwa khanga. Ile kadi iliyoungua nimeiweka ndani yake, kwenye ukurasa wa mwisho alioandika baba.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mtoto wa fundi wa boila,
Tabora