Miwani ya Washington haikumlipa askari

Ndugu Mhariri,

Nanunua gazeti lako kila Jumamosi tangu nikiwa kazini, na siku zote hizo sijakuandikia hata mstari. Leo nimeshindwa kunyamaza. Makala yenu ya juma lililopita kuhusu mwisho wa vita vya uhuru wa Marekani imetuhadithia jinsi maafisa walivyokaribia kuasi kambini kule Newburgh, jemadari wao mkuu George Washington akasimama mbele yao tarehe 15 Machi 1783, akatoa miwani, akasema amepata mvi katika kuwatumikia na sasa macho nayo yanapofuka, watu wakalia, na jeshi likarudi nyumbani kwa amani. Hapo kwenye amani ndipo nilipoweka kikombe chini.

Habari ya miwani ni ya kweli. Aliivaa ili asome barua ya Joseph Jones, mjumbe wa Virginia katika Kongresi, yaani bunge la Marekani. Lakini barua hiyo ilikuwa moja katika rundo, na mwandishi wenu hakuligusa rundo. Jenerali wa Waingereza, Cornwallis, alisalimu amri Yorktown Oktoba 1781. Zaidi ya mwaka baadaye jeshi bado lilikuwa kambini kando ya mto Hudson, likidai mishahara. Desemba 1782 maafisa waliiandikia Kongresi kwamba wamevumilia yote mwanadamu anayoweza kuvumilia, mali zao zimekwisha, na marafiki wamechoka kuombwa. Februari, Alexander Hamilton, naye akiwa mjumbe wa Kongresi, akamwandikia Washington kwamba madai ya jeshi yakisukumwa kwa kiasi na kwa uthabiti yanaweza kuwatia hofu wanasiasa wenye moyo mwepesi, na Washington aushike mwenyewe usukani. Yaani njaa ya askari iwe fimbo ya kuwachapia wabunge! Washington aliinusa hatari. Tarehe 4 Aprili akamjibu kwamba jeshi, kwa hali lililo nayo, si chombo cha kuchezea.

Basi nani alilipwa? Maafisa, waliokuwa na kalamu, walikuwa wameahidiwa mwaka 1780 nusu mshahara maisha yao yote. Tarehe 22 Machi 1783 Kongresi ikabadilisha ahadi hiyo kuwa mshahara kamili wa miaka 5, na hata huo ukaja kwa hati za deni. Askari wa kawaida walipelekwa likizo mwezi Juni, likizo isiyo na kurudi, na hati za ahadi za Robert Morris, msimamizi wa fedha wa Kongresi, za mshahara wa miezi 3. Wengi waliziuza kwa walanguzi kwa bei ya kutupa, maana tumbo halisubiri. Tarehe 21 Juni askari wenye bunduki walilizingira jengo la Kongresi mjini Philadelphia, na wajumbe wakahamia Princeton. Hiyo ndiyo amani mliyotuandikia.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu nimelelewa na mtu wa namna hiyo. Marehemu baba yangu alikuwa askari wa Keya, jeshi la Waingereza la Waafrika wa huku kwetu, akapigana Burma, akarudi Tanga mwaka 1946 akiamini kuna fedha zake hazijatoka. Nilipokuwa na miaka tisa alikuwa akinichukua kwenda kwa mwandishi wa barua, aliyeweka meza na mashine yake ya chapa chini ya mwarobaini karibu na posta. Baba hakujua kusoma. Alisimama wima kama yuko gwaride, akasema maneno yake polepole, na mwisho aliuliza kila mara: "Umeweka kwamba tulilala majini siku tatu?" Yule bwana alijibu, "Nimeweka, mzee," akapokea shilingi yake. Baba alipofariki nilifungua mkebe wa bati alimotunzia nakala za kaboni. Wakati huo nilikuwa nimeshasoma Kiingereza. Nikazipitia zote 14. Siku tatu za majini hazimo hata katika moja. Kila barua ina mistari miwili ya kuomba kwa unyenyekevu, namba ya jeshi, na alama ya kidole gumba. Jibu lililokuja ni kipande kimoja cha karatasi kutoka ofisi iliyohusika, kusema barua imepokelewa. Baba alikitunza kile kipande katika mfuko wa plastiki mpaka anaingia kaburini, akiamini ni ahadi. Nikiambiwa leo kwamba askari walitulizwa na miwani ya mkubwa wao, namwona baba chini ya mwarobaini, na hasira inanipanda upya.

Tena ipo barua ambayo gazeti linalosomwa na Waafrika halikuwa na haki ya kuiruka. Tarehe 28 Aprili 1783, siku 24 tu baada ya ile aliyomjibu Hamilton, Washington alimwandikia mfanyabiashara Daniel Parker, aliyekuwa New York, mji uliokuwa bado mikononi mwa Waingereza, kwamba baadhi ya watumwa wake huenda wako mjini humo. Akiwapata, awashike ili warudishwe kwake. Jenerali wa Waingereza, Guy Carleton, alikataa kuwarudisha watu walioahidiwa uhuru, akaamuru majina yao yaandikwe daftarini. Ni majina kama 3,000. Mmoja ni Harry, aliyetoroka Mount Vernon, shamba la Washington, umri wake umeandikwa miaka 43. Alipanda meli hadi Nova Scotia, huko Kanada, na mwaka 1792 akavuka tena bahari kwenda Sierra Leone. Mtu huyo alirudi Afrika! Nanyi mmetuhadithia miwani.

Na si magazeti peke yake yanayotupa barua. Mwezi uliopita nilinunua karanga stendi, zimefungwa katika barua ya mkono ya mwaka 1961, wino wa bluu, mtu akimweleza ndugu yake habari za mavuno na posho. Nikamuuliza kijana karatasi kapata wapi. Kasema nyumba fulani walikuwa wakisafisha chumba cha babu. Tunafagia vyumba vya wazee kama tunafagia majani.

Ninachoomba ni hiki. Jumamosi ijayo ondoeni ukurasa wa nyota, na hapo mchape kwa Kiswahili barua mbili za Washington, nzima nzima, ubavu kwa ubavu: ile ya tarehe 18 Machi 1783 aliyoiandikia Kongresi kuwatetea maafisa wake wasizeeke katika ufukara, na hiyo ya tarehe 28 Aprili. Herufi ziwe kubwa, wazee wenzangu wasome. Kisha wekeni meza mapokezini kwenu, mtu mmoja na kamera, siku moja kwa mwezi, wenye barua za wazee wao wazilete zipigwe picha na kurudishiwa hapo hapo.

Za baba nitazileta mwenyewe, ndani ya mkebe wake, na nitakaa pale mpaka ya 14 irudi mkononi mwangu.

Mwalimu mstaafu,
Tanga