Barua ya wazi kwa walimu wa Kiingereza: ingieni mtandaoni na andalio la somo mkononi

Wanangu walimu,

Nawasalimu nyote. Nawaandikia ninyi mnaofundisha Kiingereza watu ambao si lugha yao ya kwanza, hasa mlioshika chaki juzi juzi. Kila ninapokaa na mmoja wenu naombwa jambo lile lile: "Mwalimu, nionyeshe tovuti nzuri." Nami humuuliza, wiki hii unafundisha nini? Hapo wengi husita, na kusita huko ndiko kulikonifanya niandike barua hii.

Vifaa vya bure vya kufundishia Kiingereza vimejaa mtandaoni hata havihesabiki, na wingi huo ndio unaowachosha. Mwalimu anaketi jioni kutafuta zoezi la dakika 10. Ukurasa huu unampeleka kwenye ule, anapakua, anapakua tena, na ikifika saa sita usiku ana mafaili 30 kwenye simu huku andalio la somo bado ni karatasi tupu. Nimeyapitia hayo mwenyewe, tena si mara moja. Dawa niliyoipata ni kuandika andalio kwanza, kwa kalamu, mpaka nifike mahali ninapokwama. Hapo ndipo ninapofungua mtandao.

Nami nimegundua kwamba karibu kila mara nakwama kwa mambo matatu yale yale. Ama nahitaji sauti, ama nahitaji matini inayolingana na kiwango cha darasa, ama nahitaji ushahidi wa jinsi neno linavyotumiwa. Mengine, kama picha, michezo na karatasi za mazoezi, unaweza kuyatengeneza mwenyewe, na mara nyingi utayatengeneza vizuri zaidi kwa kuwa unawajua wanafunzi wako kwa majina.

Nianze na sauti, maana hapo ndipo nilipokosea sana. Kwa miaka mingi nilifundisha neno "comfortable" kwa silabi nne, nikilisoma kama lilivyoandikwa, na madarasa yote yakanifuata. Nilikuwa na kitabu tu, na kitabu hakitoi sauti. Siku nilipolitafuta kwenye Forvo, tovuti ambayo watu hurekodi matamshi ya maneno ya lugha zao, nikasikia msemaji mmoja baada ya mwingine akilitamka kwa silabi tatu, mkazo ukiwa mwanzoni na sehemu ya katikati ikimezwa. Nilikaa kimya nikiwawaza vijana wote waliotoka mikononi mwangu na tamshi lile. Kilichoniuma zaidi hakikuwa namna walivyolitamka, kwani wangeeleweka tu. Kilichoniuma ni kwamba wakilisikia neno hilo kwenye mazungumzo ya kawaida hawalitambui, ingawa wanalijua kwa maandishi. Tamshi la mwalimu linaingia moja kwa moja kwenye sikio la mwanafunzi na kukaa humo.

Basi, kabla ya kufundisha maneno mapya, yapitisheni yote sikioni mwenu. Forvo inatosha kwa neno moja moja. Mkitaka kulisikia neno ndani ya sentensi, tumieni YouGlish: unaandika neno, nayo inatafuta ndani ya video za YouTube na kukufikisha pale linapotamkwa, na unaweza kuchagua wasemaji wa Marekani, wa Uingereza au wa Australia. Kwa mazungumzo marefu kidogo iko tovuti ya elllo, yenye wasemaji kutoka nchi nyingi sana, wakiwemo ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Naipenda kwa sababu hiyo. Wanaokitumia Kiingereza kama lugha ya pili au ya kigeni ni wengi kuliko waliozaliwa nacho, na wanafunzi wenu watakutana na watu wa makundi yote mawili. Msiwazoeshe sikio la lafudhi moja.

BBC Learning English wana kipindi kiitwacho 6 Minute English, cha dakika 6, chenye maandishi yake. Nawasihi msikichezeshe chote mara moja. Nimeona darasa la wanafunzi wazuri likikata tamaa ndani ya dakika mbili kwa sababu mwalimu alibonyeza na kwenda kuketi. Kateni sekunde 40. Mara ya kwanza wasikilize tu, kalamu chini. Mara ya pili waandike maneno yoyote waliyoyashika, hata kama ni manne. Mara ya tatu wakae wawili wawili na kuunganisha walichopata. Mwisho wapeni maandishi, wapigie mstari walichokosa, kisha wasikilize tena wakifuata kwa macho. Huko mwisho ndiko somo liliko, kwa kuwa mwanafunzi anagundua kwamba kile alichodhani ni neno geni kilikuwa "want to" au "kind of", maneno anayoyajua tangu mwaka wa kwanza, yameshikana tu kinywani mwa msemaji.

Kwa wanaoanza, hazina kubwa ilikuwa VOA, Sauti ya Amerika. Tangu Oktoba 1959 walitangaza Kiingereza maalumu, kwa msamiati wa maneno kama 1,500, sentensi fupi na usomaji wa polepole. Mwaka 2014 huduma hiyo ikaitwa Learning English. Halafu mwaka 2025 matangazo ya VOA yakasimamishwa kwa sehemu kubwa, na walimu waliolijenga azimio lao lote la kazi juu ya habari za kila siku za hapo wakabaki wanatafuta pa kushika. Nawaeleza hili ili mzoee kuhifadhi. Kifaa unachokitegemea, na ambacho leseni yake inaruhusu, kipakue na maandishi yake ukiweke mahali salama. Tovuti ya mtu mwingine inaweza kufungwa bila wewe kuambiwa.

Sasa matini. Utafiti wa Hu na Nation wa mwaka 2000 ulionyesha kwamba msomaji wa hadithi anahitaji kuyajua maneno kama 98 katika kila 100 ili aelewe vizuri bila msaada. Rudini kwenye takwimu hiyo polepole. Maneno mawili mageni katika mia! Sisi huwapa watoto ufahamu wenye maneno mageni 10 au 15 katika mia, kisha tunasema hawapendi kusoma.

Ipo tovuti iitwayo Compleat Lexical Tutor, kazi ya Tom Cobb wa chuo kikuu kimoja cha Montréal, na kwa sura yake si nzuri wala ya kuvutia, lakini sijaona mzani bora wa matini. Unabandika aya yako katika sehemu ya VocabProfile, nayo inapaka kila neno rangi. Buluu ni maneno elfu moja yanayotumika zaidi, kijani ni elfu ya pili, manjano ni msamiati wa kitaaluma (ile orodha ya Averil Coxhead ya mwaka 2000, yenye familia 570 za maneno, yaani neno pamoja na yanayotokana nalo), na nyekundu ni mengine yote. Majina ya watu na miji nayo huwa mekundu, kwa hiyo yasiwatishe. Mkishaona rangi, fanyeni kazi ya mwalimu: neno jekundu hili libadilisheni, lile lifundisheni kabla ya kusoma, na jingine liacheni ili wanafunzi walikisie. Mara tatu nne tu mkifanya hivyo, jicho litazoea na mtaanza kuona rangi hata kwenye kitabu cha kiada.

Asiye na muda wa kupunguza matini mwenyewe atapata iliyokwisha kupunguzwa. Breaking News English huandika habari moja kwa viwango tofauti, na unaweza kuigawia kila safu ya darasa kiwango chake halafu wakajadili jambo moja pamoja. Wikipedia ina toleo la Kiingereza rahisi, zuri kwa mada za sayansi na jiografia. Kwa watoto wadogo nenda StoryWeaver ya Pratham Books, shirika la India: hadithi zenye picha, zimepangwa kwa ngazi, na leseni yake inakuruhusu kuchapa na hata kutafsiri. Project Gutenberg, iliyoanza mwaka 1971, ina vitabu zaidi ya 70,000, lakini vingi ni vya zamani sana na Kiingereza chake ni kigumu. Hicho ni chakula chako wewe mwalimu, si cha darasa la wanaoanza.

Kuhusu ushahidi wa matumizi nitatoa mfano mmoja. Mwanafunzi anaandika "we discussed about the problem". Mwalimu anaikata "about" kwa wino mwekundu, na wiki ijayo inarudi palepale. Safari nyingine usiikate. Andika "discuss" kwenye SKELL, tovuti ya kutafuta mifano ya sentensi, nayo itakuletea hadi sentensi 40 zenye neno hilo. Chagua 8 fupi, ziandike ubaoni, uliza swali moja: baada ya "discuss" linafuata nini? Wape dakika 3 za kunyamaza na kutazama. Watakwambia linafuata "the", linafuata "this", linafuata jina la kitu, na atatokea mmoja atakayesema, "Mwalimu, mbona about haipo?" Msimjibu haraka. Leteni sasa sentensi za "discussion", nomino yake, na hapo "about" wataiona. Kanuni wameitunga wenyewe, na haiwatoki.

Kwa maana za maneno, tumieni kamusi za wanafunzi za Oxford na Cambridge zilizo wazi mtandaoni. Maelezo yake yameandikwa kwa maneno mepesi, yana sauti, na mengi yanaonyesha neno ni la kiwango gani, kuanzia A1 ya wanaoanza hadi C2 ya waliobobea katika mfumo wa Baraza la Ulaya wa mwaka 2001. Neno la C1 likikutokea katika ufahamu wa wanaoanza, umeshapata jibu la kwa nini hawakuelewa.

Mwenye darasa kubwa na insha zisizoisha ajaribu Write & Improve ya Cambridge, ambayo mwanafunzi huandika, huonyeshwa sentensi zenye walakini, akarekebisha na kutuma tena. Haichukui nafasi ya macho yako. Inakupunguzia makosa madogo madogo ili wewe usome mawazo. Akili mnemba nayo ni hivyo hivyo. Inaweza kukuandikia aya ya kiwango unachotaka kwa dakika moja, lakini hukosea kwa uhakika wa kutisha, basi kila kanuni inayokupa ipeleke kwenye kamusi kabla ya kuipeleka darasani.

Wenye mtandao wa kusuasua wasijione wameachwa. Programu ya Kiwix hukuwezesha kupakua Wikipedia ya Kiingereza rahisi yote na kuisoma bila intaneti. Sauti mkishaipakua haihitaji tena mtandao, inahitaji spika ndogo tu na chaji. Na hata pasipo spika, wewe mwalimu uliyesikiliza usiku ukaisoma matini kwa sauti asubuhi utakuwa umeileta darasani.

Jambo la leseni nitalisema kwa ufupi. Kitu kuwa bure kukisoma hakimaanishi ni halali kukichapa na kukiuza. Tafuteni alama ya Creative Commons na msome herufi zake: NC ni marufuku ya biashara, ND ni marufuku ya kubadilisha. Mwandishi wa zoezi hilo ni mwalimu kama ninyi, mwacheni na jina lake chini ya ukurasa.

Na msisahau kujilisha wenyewe. TeachingEnglish ya British Council na jarida la English Teaching Forum la serikali ya Marekani vinasomeka bila malipo, na vimeandikwa kwa sehemu kubwa na watu waliosimama mbele ya madarasa. Tafuta mwenzako mmoja, someni makala moja kwa juma, mjaribu wazo moja, kisha mwambiane lilivyokwenda. Mimi na mwenzangu mmoja tulifanya hivyo miaka minne mfululizo, na sehemu kubwa ya ninayoyajua leo ilitoka kwenye mazungumzo yale ya dakika 20.

Jumatatu ijayo chukueni maneno 10 ya somo lenu, yale mnayoyatamka kila siku bila kufikiri, myasikilize yote. Mkikutana na "comfortable" yenu, niandikieni mniambie ni neno gani.

Wenu katika kazi,
Mwalimu mstaafu