Mninga wangu haujafa, usiufyeke

Mhariri,

Nipe nafasi kidogo niseme na wenye mafyekeo wa hapa Iringa. Mimi ni seremala, karakana yangu iko Kihesa. Miaka 30 na ushee nimekula kwa mninga: vitanda, makabati, milango ya kanisa. Siku hizi mteja akitaja mninga, kabla ya vipimo namuuliza kwanza kama ana hela. Basi majirani walipoanzisha kikundi cha kupanda miti ya asili nikajiunga nao. Nisidanganye, si kwamba nilikuwa mpenda mazingira. Niliona aibu.

Tuko 12. Wamo walimu wastaafu, mama lishe wawili, kijana wa bodaboda, na mchungaji mmoja anayejua kila mti kwa Kihehe na hapendi kusahihishwa. Tunakutana Jumamosi nyuma ya karakana kwa sababu visu na koleo ni vyangu. Tunda la mninga ni kama kijichapati, pembeni bawa jembamba, katikati kifundo kilichojaa miiba migumu, na ndani ya kifundo hicho unakuta mbegu moja, ukibahatika mbili. Kulipasua bila kuijeruhi mbegu ni kazi ya fundi. Wamenipa mimi, nadhani kama adhabu.

Msuku nao una mambo yake. Mbegu zake hazingoji. Ukizianika dirishani zikauke kama mahindi, umeziua. Unakula tunda, unaosha kokwa, wiki hiyohiyo unapanda. Mwaka wa kwanza miche yetu ilidumaa, ya njano, tukalaumu mbolea, tukalaumu maji, tukalaumiana. Mchungaji ndiye aliyetwambia twende tukachote udongo chini ya msuku mkubwa tuchanganye kwenye viriba, kwa sababu mizizi yake huishi pamoja na kuvu walio kwenye udongo ule. Tukafanya, miche ikachangamka.

Lakini lililonifanya nishike kalamu ni mninga. Mche wa mninga kiangazi hunyauka mpaka chini. Kijishina kinakauka, ukikigusa kinakatika kama njiti ya kiberiti. Mvua zikirudi, unachipua upya kutoka mzizini. Hufanya hivyo miaka kadhaa, huku mzizi ukinenepa ardhini, ndipo mwaka mmoja unaamua kusimama. Asiyejua ataapa umekufa. Mke wangu mwenyewe aling'oa mitatu akapanda figiri, na tulipelekana mpaka kwa mshenga.

Msimu wa mvua uliopita tulipanda kando ya kijito kimoja kinachoingia Ruaha Mdogo, mto unaotunywesha hapa mjini. Kwenye unyevu tuliweka mivengi, miti ya asili ya kando ya mito, na juu kwenye mteremko mininga. Kiangazi kilipofika, vibarua walitumwa kusafisha eneo. Waliotuma nisiwataje. Walifyeka mininga iliyolala, wakafyeka na mivengi iliyokuwa kijani kabisa. Mlingoti, yaani mkaratusi, uliosimama hatua 10 kutoka kwenye maji waliuacha! Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inatutaka tuache mita 60 kando ya maji bila shughuli za kudumu, na huku kwetu hata mtoto anajua mlingoti si rafiki wa maji. Ila mlingoti unaonekana mti. Mche wangu unaonekana pori. Nilimfuata kijana mmoja nikamuuliza, akanijibu kwa adabu zote: "Shikamoo mzee. Sisi tumeambiwa tuondoe pori." Nikaitikia marahaba, nikakosa la kuongeza.

Ombi langu kwa wanaowatuma vibarua hao: siku moja kabla ya kufyeka, tupitieni. Tutatembea wote, tuwaonyeshe kila mche ulipo, chai juu ya mama lishe wetu. Nanyi wenye vitalu vya barabarani, mna milingoti, mna paini, mna maparachichi ya kila aina. Msuku hata mmoja? Sina ugomvi na paini, shamba la Sao Hill linatulisha hata sisi maseremala. Lakini mtu akija na shilingi yake kutafuta mvengi, asirudi na mlingoti kwa sababu ndio uliokuwepo.

Mwaka jana nilichonga vigingi 60 kwa makapi ya paini, nikavipaka rangi nyeupe, nikachomeka kimoja kwenye kila mche. Kabla ya mwezi kuisha vyote vilikuwa vimeishia jikoni kwa watu. Safari hii nimechonga vya mlingoti mbichi, haviwaki upesi. Mwenye fyekeo akikiona kigingi cheupe na chini yake haoni kitu, azunguke.

Seremala,
Kihesa, Iringa