Barua ya wazi kwa mpwa wangu anayeanza kufundisha marezidenti

Mpwa wangu,

Hongera kwa kumaliza MMed, yaani shahada ya uzamili, ya udaktari wa familia. Fani hii bado changa kwetu: Chuo Kikuu cha Aga Khan kilianza kuifundisha Dar es Salaam mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Moi kikafuata Kenya mwaka 2005. Walimu ni wachache, kwa hiyo tabia utakayomzoesha rezidenti mmoja, yaani daktari anayesomea ubingwa, itafika kwenye vituo vya afya ambavyo hutavikanyaga.

Rezidenti akikuletea habari za mgonjwa, usimtajie jibu. Muulize, "Unadhani ni nini, na ungefanya nini?" Kisha nyamaza. Hapo ndipo walimu wengi wanaposhindwa, maana foleni ni ndefu na jibu unalo mdomoni. Akishajibu, muulize ameona nini kilichomfikisha hapo. Mfundishe jambo moja tu, mtajie alichofanya vizuri, msahihishe alipokosea. Mbinu hiyo ya hatua tano iliandikwa na walimu wa udaktari wa familia wa Marekani mwaka 1992, na inafaa kabisa kliniki yenye msongamano. Ukisema "safi sana" pekee, hajifunzi kitu. Mwambie, "Umefanya vizuri kuuliza dawa za kienyeji kabla ya kuandika nyingine."

Halafu ingia chumbani umwangalie anavyopima presha. Mgonjwa amekuja kwa miguu kutoka stendi, anafungwa mkanda wa kipimo mkononi juu ya sweta, miguu imepishana, huku anaulizwa maswali. Mashine inasoma 152/94, na papo hapo anaandikiwa dawa ambazo huenda akazimeza maisha yake yote! Akae kwanza dakika 5 bila kuzungumza, mgongo umeegemea kiti, nyayo zote mbili sakafuni, mkono uwe juu ya meza usawa wa moyo, mkanda ugusane na ngozi. Mpira wa ndani ya mkanda uzunguke angalau asilimia 80 ya mkono. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hupandisha namba. Kwa hiyo dai mkanda mkubwa uwepo kliniki, hata kama itabidi uandike barua mara tatu. Apime tena baada ya dakika 1, na kama namba haziko juu sana wala hakuna dalili za hatari, mgonjwa arudi siku nyingine kabla ya kuitwa mgonjwa wa presha.

Homa nayo iangalie. Kipimo cha malaria kikiwa hasi, muulize rezidenti kwa nini bado ameandika dawa ya mseto, na kama alitazama masikio, koo na mkojo, au alihesabu pumzi za mtoto kwa dakika nzima.

Mgonjwa asiondoke kabla ya kurudia maelekezo kwa maneno yake: "Mama, ukifika nyumbani utamweleza vipi mume wako kuhusu hizi dawa?" Akikwama, aliyeshindwa kueleza ni daktari, na rezidenti aanze upya palepale, wewe ukisikiliza.

Mjomba wako