Barua ya wazi kwa baba mdogo: tuandikie Kiwira

Shikamoo baba mdogo. Huku Dar es Salaam hatujambo, joto tu ndilo linatusumbua.

Siku hizi nikipata nafasi naenda Upanga kwenye Nyaraka za Taifa, au maktaba ya Chuo Kikuu pale Mlimani, kufuatilia habari za Kiwira, mgodi wenu wa makaa ya mawe huko kusini-magharibi mwa nchi. Mambo ya wakubwa yapo. Bornhardt, mtaalamu wa miamba wa Kijerumani, alipita huko kwenu miaka ya 1890. STAMICO, shirika la madini la taifa, ikaundwa 1972. Wachina wakajenga Kiwira, ikaanza kazi 1988 ikiwa na uwezo wa tani 150,000 kwa mwaka na mtambo wa umeme wa megawati 6. Mwaka 2005 ikabinafsishwa, baadaye ikarudi serikalini.

Lakini ninyi mlioingia shimoni simwoni hata mmoja. Inaniuma sana, baba. Tani zimehesabiwa, watu hawakuandikwa.

Nakumbuka kofia yako ngumu yenye kibanio cha taa mbele. Nilikuwa naivaa pamoja na ule mkanda wa betri, mzito mno, unateleza kiunoni hadi magotini. Bibi alikukataza usikalie kitanda kabla ya kuoga, kwa kuwa vumbi lile likishaingia kwenye shuka halitoki. Huko ndani mlifanyaje? Dari mliliegemeza kwa magogo au kwa chuma? Maji yakijaa mliyatoaje? Mkalimani wa Wachina alikuwa nani? Mambo hayo unayo wewe, na wenzako wanazidi kupungua.

Hapa mjini mkaa mbadala uliotengenezwa kwa makaa ya mawe umeingia sokoni, hasa tangu taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 zikatazwe kuni na mkaa mwaka 2024. Wanunuzi wengi ninaozungumza nao wanadhani nchi hii imeanza kuchimba makaa ya mawe juzi. Kwao Kiwira haijawahi kuwepo, sembuse Ilima, ule mgodi mdogo uliowatangulia.

Mdogo wangu ana simu nzuri, akurekodi jioni ukishakula. Anza na wenzako wa zamu: majina yao, walikotoka, na nani alibaki chini ya udongo. Ukichoka, pumzika, mtaendelea kesho. Mishahara na mafao tutayazungumza nikija, maana hayo najua yatakupandisha presha.