Risala ya vijana wa mwambao wa Kigoma kwa mgeni rasmi, siku ya kuweka jiwe la msingi la kituo cha vijana

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Waheshimiwa madiwani,
Ndugu Mkurugenzi na wataalamu wa halmashauri,
Watendaji wa kata na wenyeviti wa mitaa,
Masheikh, mapadri na wachungaji,
Wazee wetu, mama zetu na baba zetu,
Vijana wenzetu,

Tunakusalimu kwa jina la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania. Kazi iendelee.

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyekufikisha salama mpaka hapa mwaloni, ufukweni ambako mitumbwi yetu inashusha samaki. Karibu sana. Umekuta ukuta umefika kwenye lenta. Mawe ya msingi huu yalishushwa mlimani kwa vichwa na matoroli, na maji ya kuchanganyia zege dada zetu waliyapandisha kutoka ziwani, ndoo kwa ndoo. Halmashauri ikatoa saruji, nondo na mafundi. Diwani wetu amelisemea jengo hili kwenye Baraza la Madiwani mpaka likaingia kwenye mpango, na tunamshukuru mbele yako.

Sisi ni vijana wa vikundi vya mwambao: wavuvi wa dagaa na migebuka, waanikaji, mafundi wa injini za boti, madereva wa bodaboda na bajaji, wapagazi wa bandarini na stesheni, wauza mawese, na wahitimu wa kidato cha nne na wa vyuo ambao bado wanatafuta. Sera ya Taifa ya Maendeleo ya Vijana ya mwaka 2007 inamtaja kijana kuwa mtu wa miaka 15 hadi 35. Ndiyo maana katika mstari uliosimama nyuma yangu yuko binti aliyemaliza darasa la saba mwaka juzi, na yuko baba wa watoto watatu. Wote wameambiwa kituo hiki ni chao. Tunaomba leo tuseme namna ya kukifanya kiwe chao kweli, wakati bado mafundi wako kwenye lenta na kuna nafasi ya kurekebisha.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa miaka mingi ofisi yetu imekuwa chini ya mwembe. Mwembe ule umetulea. Hauna mlango, kwa hiyo hakuna aliyewahi kufungiwa nje. Lakini hauna taa, hauna choo, na daftari letu la kwanza la hisa za akiba ya kikundi lililowa masika mpaka wino ukachuruzika, tukakaa siku mbili tukikumbushana nani aliweka shilingi ngapi. Hatukugombana, ila tulijua siku ile kwamba tunahitaji paa.

Hata hivyo hatuna haraka ya kuamini kwamba paa linatosha. Mkoa wetu una mfano wake. Mama Jane Goodall alifika Gombe mwaka 1960 kuchunguza sokwe, na mwaka 1991 wanafunzi 12 wa Kitanzania walikutana naye barazani kwake Dar es Salaam wakiwa na maswali kuhusu mazingira na maisha yao. Katika baraza lile ndipo ulipozaliwa mpango wa vijana wa Roots & Shoots, ambao leo uko katika nchi nyingi duniani. Walichokuwa nacho siku ile ni mtu mzima aliyekaa nao akawasikiliza. Jengo halikuwepo.

Na yako majengo ambayo hayana mtu. Wengi wetu tunakumbuka ukumbi mmoja, hatutautaja, uliojengwa kwa ajili ya vijana tukiwa wadogo. Ulizinduliwa kwa ngoma. Mwaka wa kwanza kulikuwa na bao, drafti na mafunzo ya ushonaji. Mwaka wa pili ufunguo ukahamia kwa mtu aliyekuwa akiishi mbali, na kuingia kukawa kwa barua. Mwaka wa tatu ukumbi ukaanza kukodishwa kwa harusi, na vijana tukawa tunaitwa kupanga viti. Baadaye ulijaa mifuko ya saruji na viti vilivyovunjika. Hatuamini kwamba kuna mtu aliyepanga kutudhulumu. Ilikuja kidogo kidogo, kwa sababu hapakuwa na fungu la umeme wala la mlinzi, na harusi zilikuwa zinalipa.

Mheshimiwa, sasa tunaomba tuseme jambo ambalo kwa mgeni linaweza kuwa geni, ila hapa mwaloni kila mtoto analijua. Kituo cha vijana wa mwambao lazima kifuate mwezi wa angani.

Dagaa wanavuliwa usiku wa giza. Tunawasha taa juu ya maji, zamani zilikuwa karabai na sasa ni za sola na betri, dagaa wanaufuata mwanga, nyavu zinainuliwa. Mwezi ukiwa mpevu, taa zetu hazifui dafu mbele yake. Samaki wanatawanyika, na mitumbwi inapandishwa ufukweni. Kwa hiyo mvuvi ana siku za giza, ambazo anaingia majini jioni, anarudi alfajiri na kulala mpaka adhuhuri. Ana siku za mbalamwezi pia, ambazo akishamaliza kushona nyavu hana kazi yoyote, asubuhi, mchana wala usiku. Siku hizo ndizo ambazo vijana wetu wanakopa, wanalewa, wanagombana, na wengine wanapanda treni kwenda Dar es Salaam bila kumuaga mama.

Tumeitwa kwenye semina nyingi, na tunawashukuru waliotuita. Nyingi zilifanyika saa tatu asubuhi, siku za giza. Wenzetu walifika wakitokea majini, nguo zikinuka dagaa, wakalala vitini. Kwenye taarifa ikaandikwa kwamba vijana wa mwaloni hawana mwamko. Neno hilo lilituuma, Mheshimiwa, kwa sababu kijana aliyelala kwenye kiti kile alikuwa ametoka kuvuta kamba usiku kucha.

Tunaomba ratiba ya kituo ipangwe kalenda ya mwezi ikiwa mezani. Mafunzo marefu, yale ya wiki nzima, yawekwe wakati wa mbalamwezi. Siku za giza kituo kifunguliwe kuanzia saa nane mchana. Wala kisifungwe saa tisa na nusu alasiri pamoja na ofisi za serikali, maana hapo ndipo kijana wa bodaboda na binti wa kuanika wanapoanza kupata nafasi.

Mwaka 2024 ulitufundisha zaidi. Kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka: Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia. Sababu tunaielewa na tunaiunga mkono. Samaki walikuwa wanapungua, na sisi tulikuwa wa kwanza kuliona hilo kwenye nyavu. Lakini ile ilikuwa mbalamwezi ya miezi mitatu. Waliokuwa na shamba walikwenda shambani. Mimi ninayesoma risala hii nilibeba mizigo sokoni Mwanga kwa wiki chache, kisha nikakaa. Nilikuwa na muda kuliko wakati wowote wa maisha yangu, na hapakuwa na mlango hata mmoja ambao ningeugonga nikasema, nifundisheni kitu wakati nasubiri ziwa. Ziwa likifungwa tena, tunaomba mlango huo uwe huu.

Cha kufundishwa kipo. Mwaloni kuna vijana waliotengeneza injini za boti kwa miaka kumi, wanaotambua ugonjwa wa injini kwa mlio kabla haijafika gatini, na hawana karatasi hata moja. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi: fundi anapimwa kwa kazi yake, anaongezewa anachopungukiwa, anapewa cheti. Desemba 2022 ulisainiwa mkataba wa reli ya kisasa ya Tabora hadi Kigoma, kilometa 506. Kazi hiyo inahitaji wachomeleaji, mafundi umeme na mafundi magari, na geti la kambi ya ujenzi linauliza cheti. Tunaomba chumba cha upande wa kusini, ambacho kwenye ramani kimeandikwa stoo, kiwe karakana, na wakaguzi wa VETA waletwe hapa mara moja kwa mwaka, mafundi wetu wapimwe wakiwa nyumbani.

Kuhusu mikopo, tunaishukuru serikali. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, bila riba. Mikopo ilisitishwa Aprili 2023, ikarejea mwaka wa fedha 2024/25, na Manispaa ya Kigoma Ujiji ilikuwa miongoni mwa halmashauri 10 zilizochaguliwa kuanza kutoa mikopo kupitia benki. Shida yetu iko kabla ya benki. Kuandika katiba ya kikundi, kuchapa andiko la mradi, kujaza fomu kwenye mfumo wa kielektroniki, yote tunalipia kwenye vibanda vya stesheneri, na ukikosea herufi moja ya jina la kwenye kitambulisho unalipia tena. Kuna kikundi kiliishiwa akiba kabla ombi halijapokelewa. Kompyuta mbili zenye intaneti, na Afisa Maendeleo ya Vijana kuketi hapa siku moja kwa wiki, vitamaliza sehemu kubwa ya mateso haya.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, dada zetu wametuagiza jambo, na wamesema tusilipunguze makali. Kazi ya dagaa tunaisifia majini, lakini nusu yake iko juu ya chanja na mchangani. Wao ndio wanaoanika, wanaogeuza, wanaokimbia kukusanya mvua ikitishia, na mvua ikiwawahi hasara ni yao. Wanamaliza alasiri. Jengo la vijana likiwa limejaa wanaume wanaotazama mpira, hawataingia, na hakuna atakayegundua kwamba hawamo. Wanaomba saa zao, zilizoandikwa mlangoni na kuheshimiwa. Wanaomba mama mmoja mtu mzima awe mwajiriwa wa kituo, mtu ambaye binti anaweza kumweleza jambo lisilosemeka mbele ya kaka zake. Na wanaomba vyoo vihamishwe. Ramani imeviweka nyuma, upande wa korongo, hakuna taa na hakuna anayepita. Hakuna binti atakayekwenda kule saa moja usiku. Ukuta wa vyoo haujaanza kujengwa. Tunaomba fundi apewe maelekezo leo, ukiwa bado uko hapa.

Limebaki suala la ufunguo. Tunafahamu kwamba jengo ni mali ya halmashauri na litabaki kuwa mali ya halmashauri. Ombi letu ni kamati ya kituo ambayo nusu ya wajumbe wake ni vijana waliochaguliwa na vijana wenzao, wasichana kwa wavulana, na iwe na mamlaka ya kupanga ratiba. Ufunguo mmoja ukae kwa msimamizi, mwingine kwa katibu wa kamati. Kukodisha ukumbi kusikatazwe, maana fedha inahitajika, ila kuwe Jumamosi na Jumapili tu, na daftari la mapato lisomwe mbele ya mkutano wa mtaa kama tunavyosoma letu la hisa.

Pamoja na hilo, tunaomba kituo kiwe na fungu lake kwenye bajeti: umeme, maji, mlinzi, mshahara wa msimamizi. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai, na mapendekezo yanapita kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata miezi mingi kabla ya hapo. Tumeshawaomba viongozi wetu wa kata waliweke, na wamekubali. Tunakuomba wewe, Mheshimiwa, uliulizie litakapofika juu. Sisi kwa upande wetu tumekubaliana kila kikundi kitafanya usafi wiki yake, tutapanda michikichi na miembe kuzunguka uwanja, na mafundi wetu watatengeneza milango na madirisha kwa nguvu zao bila malipo, halmashauri ikitoa vyuma.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kabla hatujakukaribisha kwenye jiwe la msingi, tunakuomba radhi kwa jambo moja. Utaona baadhi ya wenzetu wakiondoka wakati unazungumza. Tafadhali usiwahesabu kuwa wamekosa adabu. Wiki hii ni giza, upepo umetulia, na mitumbwi inaingia majini saa kumi na mbili. Wametuachia majina yao kwenye karatasi, na watakuja kukisoma kibao cha jiwe la msingi kesho alfajiri wakitoka ziwani.

Tunaomba kuwasilisha.

Imesomwa na katibu, kwa niaba ya vikundi vya vijana wa mwambao, Kigoma.